Shemeji, Hiyo Si Meza

Meza aliiona Shemeji. Sisi wengine tulikuwa tumeinua shingo kuangalia dari, jambo ambalo kila anayeingia mgodi wa zamani wa sleti, lile jiwe la vigae vya paa, hulifanya kwa heshima zote na karibu bila faida. Taa ya kichwa inapiga mita 20 juu, inakuonyesha kijivu, halafu kijivu kingine, halafu tone la maji linatua ndani ya jicho. Shemeji ni mtu wa vitendo. Yeye alikuwa anaangalia chini, anatafuta pa kukaa. Akapaona: bamba la jiwe la karibu mita 2, limelala sawasawa katikati ya ukumbi, kavu, safi, halina chembe ya vumbi.

"Shemeji," akaniita, "wachimbaji wametuachia hadi meza."

Mzee aliyetuongoza alinyamaza. Ni mwenyeji wa Blaenau Ffestiniog, kaskazini mwa Wales, aliyechimba sleti ujanani mwake, na ana tabia ya kumwacha mtu amalize upuuzi wake wote kabla ya kumjibu. Shemeji akautumia ule ukimya vizuri. Alishusha begi juu ya meza, akatoa chupa ya chai, akavua kofia ngumu, akajifuta jasho la kipara.

"Vaa kofia," Mzee akasema. "Kisha ondoka hapo. Sababu utapewa ukishaondoka."

Sababu zilikuwepo tele, na zote ziliandikwa kwenye ile meza. Ukumbi uliofungwa miaka mingi una vumbi na utelezi wa tope jembamba kila mahali. Jiwe safi peke yake katikati ya mawe machafu ni jiwe lililofika juzi. Kingo zake zilikuwa kali za kukata kidole. Rangi yake ilikuwa ya samawati iliyokolea na inang'aa, wakati mawe ya jirani yalikwishashika madoa ya kahawia ya kutu. Ubavuni mwake kulikuwa na vipande vidogo vilivyosagwa na unga wa kijivu, alama ya kwamba lilipiga pale na halikuburutwa na mtu. Mzee akainua taa taratibu juu ya kichwa cha Shemeji. Darini palikuwa na kovu la umbo lile lile la meza, na pembeni ya kovu ufa mweusi, umelowa.

Kwa hiyo anayetaka kuijua dari ya mgodi wa sleti aanze na sakafu. Juu kuna giza na umbali, lakini chini kila kilichoanguka bado kipo, kimejipanga, na kinaonyesha kilianguka lini takriban na kutoka wapi. Ukiona mahali pamefagiliwa na hakuna mfagiaji, usikae.

Shemeji hakuridhika. "Dari hii imekaa zaidi ya miaka 100. Ije kuanguka leo, saa nane na nusu, kwa sababu mimi nakunywa chai?"

Ni swali ambalo wengi huliuliza, na jibu lake liko kwenye jiwe lenyewe. Sleti ni jiwe linalofaa kwa vigae kwa sababu moja: lilibanwa ardhini hadi likapata mpasuko wa asili, ukigonga patasi linaachana bapa kwa bapa. Sifa hiyo hiyo haimfai kabisa mtu aliyesimama chini yake. Pale Ffestiniog matabaka yameinama kwa nyuzi kama 30, mithili ya rafu ya vitabu iliyoegemezwa vibaya, na kumbi zimechimbwa kuufuata mwinamo huo. Mbali na mipasuko hiyo kuna nyufa nyingine za asili zinazoikata kimshazari. Zinapokutana tatu, kipande kimeshachongwa pande zote, kimebaki kushikiliwa na msuguano na udongo kidogo uliojaza ufa. Maji ya mvua yanapenya miaka nenda rudi, yanausomba ule udongo punje kwa punje. Hakuna haja ya tetemeko wala kelele. Kuna siku punje ya mwisho inatoka, na siku hiyo haiulizi nani anakunywa chai.

Tena migodi ilipokuwa hai, dari ilikuwa na watu wake. Wachimbaji walining'inia ukutani kwa mnyororo uliozungushwa pajani, wakilipua kwa baruti nyeusi kwa sababu baruti kali zaidi ingeisambaratisha sleti. Na walikuwepo wengine ambao kazi yao ilikuwa kupanda ngazi ndefu kwenda kugonga dari na kuangusha kilicholegea kabla hakijajiangusha. Mgodi ukafungwa, watu hao wakaenda nyumbani, ngazi zikaoza. Dari haikuacha kulegea.

"Na hata walipokuwepo," Mzee akaongeza, "migodi iliporomoka. Oakeley mwaka 1882 na 1883, mamilioni ya tani. Rhosydd nao 1900, nguzo za mwamba zilizoachwa kushikilia dari zilikuwa nyembamba mno. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1941, picha za National Gallery, jumba la sanaa la London, zilipoletwa kufichwa kwenye mgodi wa Manod, zilijengewa nyumba za matofali humo humo ndani ya mgodi. Picha zilijengewa nyumba. Wewe una nini?"

"Nina kofia," akasema Shemeji, akaivaa. "Ya wapanda milima. Imepimwa."

Kweli imepimwa. Kipimo cha Ulaya cha kofia za wapanda milima, EN 12492, ni kuiangushia uzito wa kilo 5 kutoka mita 2. Zidisha: 10. Sasa jiwe la kilo 1 likitoka mita 10 juu linaleta 10 hiyo hiyo, na jiwe la nusu kilo, la kujaa kiganja tu, likitoka mita 20 limeshafika kiwango ambacho kofia ilipimwa. Kofia inakulinda dhidi ya vijiwe vinavyodondoka, dhidi ya dari fupi unazojigongesha mwenyewe, na dhidi ya mwenzako aliye juu ya kamba na miguu mizito. Dhidi ya bamba hailindi kitu.

Nashukuru kwamba Shemeji hawezi kubishana akiwa amekaa. Alisimama, akasogea hatua kadhaa kumfuata Mzee ili hoja yake isikike vizuri, kifuniko cha chupa ya chai mkononi. Hapo vikaanza vijiwe: tsi, tsi, tsi, punje za ukubwa wa mchanga zikigonga lile bamba.

"Handakini!" Mzee akapaza sauti.

Tulikimbilia handaki tulilotokea, si upande wa pili wa ukumbi. Handaki ni jembamba, limechimbwa kwenye mwamba mzima, na dari ya mita 2 kwa upana hujishikilia vizuri kuliko ya mita 15. Hakuna aliyeangalia juu. Anayeangalia juu anatoa uso kwa jiwe na anapoteza nusu ya muda alionao. Muda wenyewe kutoka mita 20 ni sekunde 2, na jiwe linafika chini likiwa na mwendo wa kilomita 70 kwa saa. Shemeji alikuwa wa mwisho kwenye mstari na wa kwanza kufika. Mpaka leo sielewi alinipitaje.

Mlio ulikuwa mmoja, mfupi, ukifuatwa na upepo uliojaa vumbi. Tukasubiri. Vumbi lilipotulia, tukamulika kutoka mdomoni mwa handaki. Meza ilikuwa imepata meza nyingine juu yake. Katikati yao, ulimi mwekundu wa mkanda wa begi ulichungulia.

Mzee alilipima bamba jipya kwa macho: mita moja na nusu kwa mita moja, unene sentimita 20. Sleti ina uzito wa kama tani 2.8 kwa mita moja ya ujazo, hivyo pale palikuwa na zaidi ya kilo 800. Kwa hesabu ya kofia, hiyo ni 16,000 na ushee. Kiwanda kilipima 10.

"Ufunguo wa gari," Shemeji akasema taratibu.

"Uko wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye ulimi mwekundu. Simu yake nayo ilikuwa humo. Simu yangu ilikuwa ndani ya gari, maana ndani ya mlima hakuna mtandao. Mzee hana simu ya mkononi. Ana ya mezani, kwake, na anajivunia. Na dada yangu, mke wa Shemeji, alikuwa ameachiwa karatasi yenye jina la mgodi, njia tutakayopita na maelekezo: ikifika saa kumi na mbili jioni hatujapiga, apige 999, namba ya dharura, aombe polisi, kisha awaambie polisi anataka kikosi cha uokoaji wa mapangoni. Huo ni utaratibu mzuri kabisa. Ubaya wake ni kwamba dada yangu hufuata maelekezo.

Shemeji akaanza kutoa mapendekezo. La kwanza, akimbie, achomoe, arudi, "sekunde 2 zinatosha." Mzee akamweleza kwamba kipande kikianguka kinaondoa egemeo la majirani zake, na wale majirani huanguka baada ya dakika, baada ya wiki, au wakati mtu anachomoa begi. La pili, tulifunge begi kamba tulivute tukiwa mbali. Kwanza mtu wa kufunga kamba ni nani, na pili, kilo 800. La tatu ndilo lililokuwa na dalili ya akili: tugonge dari kwa mtaimbo kwanza, tujue kilicholegea.

Mtaimbo ule ulikuwa wa mita 2. Dari mita 20.

Lakini Mzee alimfundisha, pengine ili anyamaze. Kugonga kunafaa kwenye handaki fupi. Unasimama chini ya sehemu uliyokwisha kuipima, unagonga mbele yako, kamwe si juu ya kichwa chako. Mwamba mzima unalia kwa mlio mkali na mkono unahisi kurudishwa. Mwamba ulioachana unatoa sauti ya ngoma, nzito na butu. Ukipata wa ngoma na ni lazima upite, unaukwangua huku mtaimbo ukiwa umelala mshazari pembeni ya mwili, maana ukiushika wima jiwe litateleza juu yake hadi kwenye vidole. Na kabla ya yote unahakikisha nyuma yako hakuna begi, kamba wala mtu wa kukukwaza ukirudi kinyumenyume.

Toka hapo Shemeji aligonga kila kitu. Aligonga kuta, akagonga reli, akagonga ngazi ya mbao ambayo tulikwishakatazwa kuigusa. Aligonga na kofia yangu. Ikatoa sauti ya utupu, akacheka peke yake hadi mwisho wa handaki.

Kosa lake jipya lilikuwa kuangalia juu tu. Kwenye mteremko wa kifusi alikanyaga ukingo wa bamba badala ya katikati yake. Likabinuka na kuteremka kwa kelele hadi chini, ambako kwa bahati hapakuwa na mtu, kwa sababu tulikuwa tunateremka mmoja mmoja na anayemaliza anasogea pembeni. Mbele kidogo akaona sakafu nzuri iliyonyooka, akataka kukaa apumzike. Mzee akamshika mkanda. Ile sakafu ilikuwa kifusi kilichomwagwa juu ya mbao zilizotandikwa kuziba ukumbi wa chini. Mbao za mgodini huoza kwa ndani huku nje zikionekana nzima, na kwamba mtu wa mbele amepita salama haina maana kwamba zimebaki na nguvu ya kumpitisha wa pili. Tukapita pembeni, kwenye ukingo wa mwamba, mmoja mmoja.

Mlangoni mvua ilikuwa inanyesha. Shemeji akaona jiwe kavu chini ya ukingo wa lango, akaanza kukunja magoti.

"Hapo pia hapana," Mzee akasema.

Ndani kabisa joto ni lile lile mwaka mzima, nyuzi kati ya 8 na 10. Langoni ndipo barafu ya majira ya baridi inapoingia kwenye nyufa, inavimba, inayeyuka, inalegeza. Mizizi ya miti nayo inasaidia. Hapo ni pa kupita, tena kwa haraka. Shemeji alikwenda kukaa kwenye majani, mvuani, mbali na kila kitu chenye asili ya jiwe, akamalizia chai iliyobaki kwenye kifuniko. Ilikuwa imeongezeka maji.

Tulifika kwenye gari saa kumi na moja na nusu. Simu yangu ilikuwa kwenye kiti cha mbele, inawaka, inatetemeka. Tuliisoma kupitia kioo: Dada. Ikakatika. Ikaanza tena.

Kwa Mzee ni kilomita 2. Sijawahi kumwona mtu wa umri ule akitembea namna ile. Dakika 5 kabla ya saa kumi na mbili Shemeji alishika simu ya mezani kwa mikono yote miwili.

"Tumetoka," akasema. "Wote wazima. Limeumia begi tu."

Pakawa kimya kidogo upande wa pili.

"Begi gani?" dada yangu akauliza. "Lile langu?"

Begi bado liko pale, na Mzee kakataa hata kulizungumzia. Shemeji aliomba fidia ya simu na ufunguo kwenye kampuni yake ya bima, wakamtumia fomu ndefu. Chanzo cha hasara: jiwe. Je, mali iliachwa bila mwangalizi? Akaandika: Ndiyo. Mwangalizi aliambiwa akimbie.