Bei ya Nyumba Huanza Kupangwa Nje ya Geti

Mnunuzi wa nyumba hapa Dar es Salaam haji peke yake. Huja na dalali, na mke au mume, mara nyingi na fundi anayemwamini, na wakati mwingine na kaka mkubwa ambaye ndiye anayechangia sehemu ya hela. Wote hao wakishuka kwenye gari husimama kwanza nje. Dalali anagonga geti, kijana wa nyumbani anatafuta funguo, na kwa dakika hizo chache wageni hawana kazi nyingine isipokuwa kutazama. Wanatazama ukuta, mtaro, kutu ya geti, takataka zilizorundikwa pembeni. Mpaka geti linafunguliwa, yule kaka mkubwa ameshapanga bei yake kichwani, na mara nyingi iko chini ya ile aliyotajiwa na dalali.

Nimewasindikiza ndugu na marafiki kutafuta nyumba kuanzia Tabata mpaka Goba, na kwenye familia yetu nimekaa pia upande wa wauzaji. Ninaamini kwamba shilingi inayotumika mbele ya nyumba kabla ya kuuza inarudi haraka kuliko shilingi ya jikoni au ya vyumbani. Ila wauzaji wengi wa jiji hili wanaitumia kupamba tu, wakati mnunuzi wetu anatafuta kutulizwa moyo. Anataka kujua kwamba maji hayataingia ndani, kwamba hakuna ndugu atakayeibuka kesho na kesi, kwamba mipaka inajulikana, kwamba waliokaa humo walikuwa wanaijali. Na dalili za mambo hayo ziko palepale mbele, hata kabla hati haijatolewa kabatini.

Nianze na ukuta. Sote tumeyaona yale maandishi makubwa ya rangi: NYUMBA HII HAIUZWI. Wengine huongeza OGOPA MATAPELI. Mtu wa Dar akiyasoma anaelewa papo hapo: ama ndugu mmoja alitaka kuuza kinyemela, ama kuna shauri mahakamani, ama matapeli waliwahi kuleta wateja kwenye nyumba isiyo yao. Ni kinga nzuri, siyapingi hata kidogo. Shida huja siku familia inapokubaliana kuuza kweli. Kwenye nyumba ya marehemu babu yetu, mirathi ilipokwisha na msimamizi akawa na barua yake ya mahakama, fundi aliyeitwa alipitisha mkono mmoja wa rangi ya maji juu ya maandishi akaona kazi imekwisha. Herufi zikabaki zinasomeka kwa chini, hasa jua la asubuhi linapoupiga ukuta kwa ubavu. Kila mteja alizisoma, na wapo ambao hawakuvuka geti. Kilichotusaidia ni kukwangua ile sehemu yote, kupiga plasta upya, kuiacha ikauke vizuri, kisha kupaka ukuta mzima kutoka kona mpaka kona ili kisionekane kiraka. Pamoja na hayo, msimamizi akawa na nakala ya barua ya uteuzi na muhtasari wa kikao cha familia mkononi. Mteja akiuliza kuhusu ukuta, anajibiwa kwa karatasi.

Alama ya X nyekundu, ile inayochorwa kwenye nyumba inayotakiwa kubomolewa, ni jambo zito zaidi. Baada ya bomoabomoa ya 2017 kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kibaha, watu walipopisha upanuzi wa barabara, hakuna mnunuzi anayeiona X akaendelea kutabasamu. Kama nyumba yako imewekewa X na bado imo ndani ya hifadhi ya barabara, usiifute. Kumficha mtu jambo hilo ni kumdhulumu akiba ya maisha yake. Kama mamlaka iliyoichora imekwisha kukuondoa kwenye orodha, pata barua kwanza, brashi ifuate.

Na kwa kuwa nimegusa mambo ya karatasi: Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Wanunuzi wengi siku hizi wanalijua hilo. Mama mwenye nyumba akiwa kibarazani, anawakaribisha wageni kwa uso mkunjufu na kuwapa maji ya kunywa, wageni wanapata jibu la swali ambalo wanaona aibu kuliuliza.

Sasa maji. Hapa ndipo ningeweka pesa kabla ya mahali pengine popote, kwa sababu kila familia ya Dar ina mtu aliyewahi kuhamisha magodoro usiku. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu bonde la Msimbazi na kuwapeleka Mabwepande, na tangu hapo kila masika, Machi mpaka Mei, yanatukumbusha. Fundi wa mnunuzi anajua pa kutazama. Anatafuta ule mstari wa kahawia ukutani, kama futi moja kutoka chini, unaoonyesha maji yalifika wapi. Anatafuta plasta iliyoota chumvi na kumomonyoka. Anapima kwa macho kama uwanja uko chini ya barabara, maana barabara nyingi za mitaa zilipojengwa ziliinuliwa, na nyumba za zamani zikabaki shimoni.

Muuzaji mwenye haraka hupaka rangi nzito juu ya ule mstari. Naliona jambo hili ni baya, na halina hata faida, kwa sababu chumvi hutoka tena baada ya muda na mnunuzi makini huja mara ya pili mvua ikinyesha, bila dalali. Zibua mtaro wa mbele mpaka mwisho wake, si kwenye kipande chako tu. Toa kifusi kilichobaki tangu ulipojenga, kile kinachozuia maji kutoka. Kama unaweka pevingi, simamia fundi aipe mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita 1 kuelekea mtaroni, ukimbize maji mbali na msingi. Kama uwanja uko chini ya barabara, jenga kizingiti getini na uonyeshe maji yanatokea wapi. Mfuniko wa chemba uliopasuka ubadilishwe, na kama shimo limejaa, liitiwe gari la majitaka kabla mteja hajaja, si baada. Harufu ya chemba mbele ya nyumba inaua biashara ambayo waridi haliwezi kuifufua.

Muuzaji aliyefanya kazi hiyo ana haki ya kusema kwa sauti: hapa maji yalikuwa yanaingia, nimefanya hiki na hiki, njoo utazame mvua ikinyesha. Nimeshuhudia mnunuzi akilainika kwa maneno ya namna hiyo kuliko kwa uzio mpya wa mamilioni.

Linaloniumiza zaidi ni miti. Siku hizi mtu akitaka kuuza nyumba, kitu cha kwanza ni kukata mwembe. Sababu ni zilezile: majani yanachafua, mteja anataka pa kuegesha magari mawili, nyumba haionekani kutoka barabarani. Baada ya hapo anamwaga zege au kutandika pevingi kutoka ukuta mpaka ukuta. Matokeo yake ni uwanja mweupe unaowaka. Kuanzia Desemba mpaka Machi jiji hili linapita nyuzi joto 30 siku baada ya siku, na mteja aliyesimama hapo saa nane mchana anatafuta pa kujificha, anaharakisha maswali, anaondoka. Mwembe wa mbegu unakaa miaka 6 au zaidi kabla haujazaa. Ule uliokatwa kwa asubuhi moja alikuwa ameupanda mtu aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, na mnunuzi hawezi kuununua tena kwa bei yoyote.

Badala ya kuukata, mpe kazi kijana anayejua kupogoa. Aondoe matawi ya chini ili uso wa nyumba uonekane kutoka getini, atoe matawi makavu na yale yanayogusa bati au nyaya za umeme, afagie, apake shina chokaa. Weka benchi la mbao chini yake. Hapo ndipo mazungumzo ya bei yatakapofanyika, na watu wakikaa kivulini huongea kwa utulivu. Mti ninaokubali ukatwe ni ule uliosogelea msingi. Mkrismasi, kwa mfano, unapendeza sana unapochanua mwishoni mwa mwaka, lakini mizizi yake hutambaa juu juu na kuinua pevingi na ukuta. Ukikata, ng'oa na kisiki. Anayetaka kijani kando ya ukuta bila kupoteza nafasi apande ashoki, huenda juu badala ya kutanuka.

Pevingi siichukii. Weka njia ya gari na njia ya miguu, basi. Sehemu nyingine iache udongo, nyasi au kokoto, maji ya mvua yapate pa kuzama. Uwanja ukizibwa wote, maji yako yanakwenda kwa jirani, na ugomvi wake utamkuta mnunuzi.

Maua ni sehemu rahisi, na ndiyo watu wanayoitilia mkazo kupita kiasi. Wauza miche wa kando ya Barabara ya Bagamoyo watakuuzia chochote, lakini nyumba inayouzwa haihitaji bustani ya hoteli. Bogenvilia moja ukutani, kwa kuwa inavumilia jua na kiu, na vyungu vichache karibu na mlango. Asmini karibu na dirisha kama ipo, isiguswe. Pasipalamu inapendeza ila inataka maji kila mara, na mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na maji yakaanza kugawiwa kwa mgao, hakuna aliyekuwa na ndoo ya kumwagia nyasi. Ukoka hurudi wenyewe mvua ikinyesha. Ukipanda mwanzoni mwa masika utaokoa gharama. Ukipanda Januari ukategemea bomba, mteja atakuja kuona majani makavu.

Geti likwanguliwe kutu kwa brashi ya waya na msasa, lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi yenyewe, maana chumvi ya bahari haimsamehe mtu, hata ukiwa mbali kidogo na ufuko. Taa ya nje iwake. Kibao cha namba ya nyumba, kile cha anwani za makazi, kifutwe vumbi kisomeke. Simtanki iliyopasuka, friji bovu, matairi, banda la kuku lililoegemea ukuta wa mbele: vyote viondoke.

Nyumba za Kiswahili za Ilala, Magomeni na Temeke zina habari yake. Hazina uwanja wa mbele wala geti; mlango unafunguka barabarani, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Mbele yake ni baraza. Wauzaji wengi wanashauriwa wazibe baraza na kutengeneza fremu mbili za duka ili bei ipande. Kwenye barabara yenye biashara nakubali, fremu yenye mpangaji anayelipa ina thamani inayohesabika. Lakini kwenye mtaa wa ndani, fremu tupu yenye mlango wa chuma uliofungwa kwa kufuli inamwambia mnunuzi kwamba hapa biashara imeshindikana. Baraza iliyosakafiwa upya, iliyopakwa rangi, yenye mlango wa mbao uliosafishwa kwa msasa na kupakwa vanishi, wazee wawili wamekaa wanacheza bao, inamwonyesha mtaa unaoishi vizuri. Ningesakafia baraza.

Wapo watakaoniambia kwamba mnunuzi wa Sinza, Kijitonyama au Mikocheni ananunua kiwanja tu, nyumba ataivunja mwezi ujao. Ni kweli kwa nyumba nyingi za zamani, na hapo sishauri kupaka rangi hata ndoo moja. Fyeka majani, toa kifusi, fukua bikoni za mipaka zionekane, basi. Mwenye kuvunja anataka kuona kona nne za kiwanja kwa macho yake na kuzilinganisha na ramani ya upimaji. Bikoni iliyofukiwa chini ya jalala imewahi kuchelewesha mauziano mengi kuliko nyufa za ukuta.

Halafu kuna kile kipande cha nje ya geti, ambacho si chako kisheria lakini mnunuzi anakihesabu kuwa chako. Jalala lililozuka ng'ambo ya njia, bodaboda wanaoegesha mlangoni, mama lishe anayemwaga maji machafu mtaroni. Usiwafukuze. Nenda ukazungumze nao mapema, uwaambie unauza, uwaombe mtaro ubaki safi, uchangie gari la taka kama inabidi, na mjumbe wako ajue. Hao ndio mnunuzi atakaowauliza akirudi jioni peke yake, akijifanya ananunua chapati: hapa maji hujaa? Mwenye nyumba ni nani? Wana ugomvi? Watamjibu kwa kadiri ulivyoishi nao.