Kirusi sijawahi kukiona, bili ya antivirusi naiona kila mwaka

Hebu nielezeni jamani maana mimi nimeshindwa. Kirusi cha kompyuta kwa macho yangu haya sijawahi kukiona, sijui kinaingilia wapi wala kinatokaje, ila antivirusi naiona. Naiona asubuhi nikiwasha mashine, naiona nikifungua imeli, na juzi nimeiona katikati ya kikao cha video, bosi kaniambia nioneshe skrini yangu nielezee hesabu, nikaionesha, na kabla sijafungua mdomo kidirisha chekundu kikachomoza, UKO HATARINI! LESENI YAKO INAKARIBIA KUISHA, kikao kizima kikasoma kwa pamoja na watu wakaanza kunipa pole. Pole ya nini sasa?

Na hiki kitu hakuna aliyekiomba. Laptopu ilikuja nacho tumboni, eti majaribio ya bure siku thelathini, kikajikalia kwenye kona ya chini kulia kinapepesa pepesa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wangu alikula siku thelathini zote halafu jembe akanipa mimi, nikalime nimlipe.

Basi tuje kwenye bei. Bei ya mwaka wa kwanza inaandikwa kwa herufi ambazo hata babu aliyesahau miwani anazisoma, pembeni yake kuna ile bei kubwa imechorwa mstari, yaani wewe leo umependelewa, halafu chini kabisa kuna kijinyota. Mimi siku hizi naanzia kwenye kijinyota ndio napanda juu. Kijinyota kinasema, kwa maandishi ya kijivu juu ya kijivu, kwamba hiyo ofa ni ya kipindi cha kwanza tu, baada ya hapo usajili utajihuisha wenyewe kwa bei ya kawaida. Bei ya kawaida ni ipi? Si ile ile iliyochorwa mstari! Wamekuambia imekufa, umeizika, mwaka ukiisha inafufuka na inakuja moja kwa moja kwenye kadi yako ya benki, mara mbili ya uliyolipa mwanzo, na nyingine inapita hapo.

Mama watoto kaniuliza swali zuri sana, "Baba, kwani sisi si wateja wa zamani? Si tungepunguziwa?" Nikamwambia mke wangu, hapo ugeni ndio una faida. Mteja mpya anakaribishwa na asilimia za punguzo, mteja wa zamani anakaribishwa na kadi yake. Akasema basi tujifanye wageni. Nikacheka, kumbe yuko sahihi, watu wengi ndivyo wanavyofanya, wanazima kule kujihuisha, leseni ikiisha wananunua upya kwa bei ya mgeni, programu ile ile, mashine ile ile, mtu yule yule na jina lake lile lile.

Ila ukitaka kujua bei halisi ya antivirusi jaribu kuondoka. We bonyeza tu pale pa kuzima malipo ya kujirudia uone. Ukurasa wa kwanza, je una uhakika? Nina uhakika. Ukurasa unaofuata picha ya ngao imepasuka katikati, rangi nyekundu kila mahali, orodha ya mambo yatakayonipata. Nikaendelea. Wakaniuliza sababu, nikachagua "bei kubwa", mara ofa hiyo, punguzo, nikakataa, ikaja nyingine, punguzo kubwa zaidi, karibu nusu. Kwa hiyo hiyo nusu bei ilikuwepo siku zote, ila inatolewa kwa mtu aliyeshika kitasa cha mlango tu! Na vitufe vyenyewe, kimoja kijani kinono, NDIYO ENDELEA KUNILINDA, kingine kimaandishi tu hakina hata boksi, "hapana, nakubali kubaki hatarini". Nani kasema anakubali kubaki hatarini? Mimi nimesema sina hela.

Halafu kuna hili ambalo linawaumiza wengi. Kuifuta programu kwenye kompyuta sio kufuta usajili. Jamaa yangu mmoja kazini aliifuta ile yake, akarestati mashine, akatutangazia ofisi nzima kwamba amekuwa mtu huru, akatununulia na soda. Baadaye benki ikamtumia ujumbe, kadi imekatwa, mwaka mzima, wa kulinda kompyuta ambayo hiyo programu haipo. Anapaswa aingie kwenye akaunti yake kwenye tovuti yao, atafute kipengele cha usajili, azime malipo kule. Nywila ya hiyo akaunti haikumbuki. Alipoomba kubadilisha nywila wakamtumia kwenye imeli aliyoiacha zamani. Na wapo wanaokata hela hata mwezi mzima kabla leseni haijaisha, kwa hiyo ukisema nitazima ile siku ya mwisho, umechelewa tayari na hela imeshavuka mto.

Msidhani ni mimi tu mwenye gubu. Mwaka 2009 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York kule Marekani aliwakalisha chini watengeneza antivirusi wawili, Symantec, ndio hao wa Norton, pamoja na McAfee, kwa habari hizi hizi za kukata kadi za watu bila kueleza vizuri, kila kampuni ikalipa dola 375,000. Ukapita muongo mzima na ushee, 2021 mamlaka ya ushindani ya Uingereza nayo ikawabana hao hao wawili mpaka wakakubali kwamba mtu aliyejikuta amehuishiwa anaweza kujitoa akarudishiwa hela ya miezi iliyobaki. Yaani imechukua serikali mbili kufundisha kompyuta kubisha hodi!

Sasa mpwa wangu, huyu anayejua mambo, akaniambia "Anko unajisumbua, weka ya bure." Nikaweka ya bure. Jamani. Ya bure nayo inakulipisha, ila inakulipisha kwa masikio. Kila ukifanya kitu, ding, tumegundua mashine yako ni nzito, ding, tumegundua uko kwenye waifai isiyo salama (ni waifai ya nyumbani kwangu!), ding, ofa ya leo tu, na kesho tena ofa ya leo tu. Ikaskani ikasema imekuta matatizo mia na kitu, moyo ukanipasuka, nikabonyeza REKEBISHA, ikafunguka sehemu ya kulipia. Mpwa akaja akasoma hayo matatizo, ni vidakuzi vya tovuti na mafaili ya muda, takataka za kawaida kabisa ambazo unafuta mwenyewe ukiwa unasubiri maji yachemke.

Wazee wenzangu mnakumbuka Avast ya zamani ilivyokuwa inatangaza kwa sauti kwamba kanzidata ya virusi imesasishwa? Usiku wa manane, nyumba imetulia, spika umesahau kuzizima, mtu anaongea Kiingereza sebuleni. Na Kaspersky ya zamani ndio kabisa, ikikuta kirusi inalia mlio wa nguruwe anayechinjwa. Angalau hizo zilikuwa zinapiga kelele kwa sababu kuna kitu, hizi za sasa zinapiga kelele kwa sababu hujalipa.

Na bure yenyewe sio bure kila mara. Avast, ambayo watu wengi tu tuliiweka kwa sababu haina gharama, ilikuwa na kampuni yake tanzu inaitwa Jumpshot inauza habari za tovuti ambazo watumiaji wake wanatembelea. Waliifunga 2020 baada ya kuandikwa sana, na 2024 tume ya biashara ya Marekani ikawapiga dola milioni 16.5. Mlinzi anauza daftari la nani kaingia na nani katoka! Ukikasirika ukasema nahama, haya hama. Toka Avast nenda AVG, toka AVG nenda Avira, toka Avira kalipie Norton, kote huko bosi ni mmoja anaitwa Gen Digital.

Nikamuuliza mpwa, sasa ya bure na ya kulipia tofauti yake nini hasa? Akaniambia "Anko, kwa kampuni nyingi injini ya kukamata virusi ni ile ile. Unalipia mapambo." Mapambo ndio haya: VPN, ile njia ya kujificha ukiwa mtandaoni, ambayo kwenye vifurushi vingine ina kikomo cha data kwa siku, ukifungua video mbili imeisha. Kitunza nywila, wakati kivinjari kinacho chake. Kisafisha mashine. Na ule ulinzi wa mtandao wa giza, yaani kule mafichoni wezi wanakouziana taarifa za watu, ambapo wanakutumia ujumbe wa kukutisha kwamba imeli yako imeonekana imevuja. Nashukuru kwa taarifa, nifanyeje sasa, niifuate kuirudisha? Hiyo ya kuangalia imeli kama imevuja unaipata bila senti kwenye tovuti ya Have I Been Pwned, halafu unabadilisha nywila zako yanaisha.

Kilichonimaliza nguvu ni kuambiwa kwamba Windows ina antivirusi yake mle ndani, kamili, tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Inaitwa Defender. Yaani ilikuwepo siku zote! Ila ukiweka ya wengine yenyewe inakaa pembeni kistaarabu, haileti ugomvi, na yule mwingine akiisha leseni inarudi kazini bila kuomba senti wala kupiga kelele. Nikamwambia mpwa nithibitishie. Akaandika faili la majaribio linaitwa EICAR, herufi na alama 68 tu, halidhuru chochote, lilitengenezwa ili kuona kama antivirusi iko macho. Hakufika hata kulifungua, Defender ikalidaka ikaliweka kizuizini. Ikasema neno moja, ikanyamaza. Nilitaka kuikumbatia skrini.

Sisemi wanaolipia ni wajinga, hapana. Mwenye mashine tano na watoto wanaobonyeza kila kinachong'aa, au ofisi inayotunza nyaraka za watu, hao wana sababu zao walipe, na wasome ripoti za AV-TEST na AV-Comparatives kwanza maana hao kazi yao ni kuzipima hizi programu, sio kuziuza. Mimi mwenye laptopu moja ya kuandikia barua na kuangalia mpira, nalipia nini? Wakati hata apdeti za bure tunazikataa. Kirusi kile cha WannaCry cha Mei 2017 kilichofunga mafaili ya watu dunia nzima, Microsoft walishatoa kiraka chake Machi, miezi miwili kabla, bure, watu walikuwa wanabonyeza "nikumbushe baadaye". Na walinzi wa kulipiwa nao wana siku zao. Aprili 2010 McAfee ilitoa apdeti ikaona faili la Windows XP lenyewe ndio kirusi, kompyuta za maofisi zikabaki zinajizima na kujiwasha. Julai 2024 apdeti ya CrowdStrike ikalaza mashine milioni 8.5 kwa mkupuo, ndege zikabaki chini. Hakuna kirusi hapo, ni mlinzi amejikwaa.

Sasa nimezima kila kitu, nimefuta kila kitu, nimetulia zangu. Ikaingia imeli. "Mteja mpendwa, asante kwa kuhuisha antivirusi yako kwa mwaka mwingine, kadi yako itakatwa ndani ya saa 24, kama hukuidhinisha malipo haya piga namba hii." Jasho likanitoka. Kampuni hiyo waliyoitaja sijawahi hata kuwa mteja wake. Mpwa akaniambia Anko usipige, ni matapeli, ukipiga watakuambia uwape ruhusa waingie kwenye mashine yako eti wakurudishie hela, na hapo ndio wanaingia mpaka benki.

Sikupiga mimi. Ila mpwa, kwa utundu wake, alipiga kwa simu ya kazini. Ilipokelewa mlio wa kwanza, mtu mpole, anaongea taratibu, anaita "sir", anauliza akusaidie nini leo. Ile kampuni ya kweli niliyoilipa hela zangu, kupata namba yao ya simu tu nilizungushwa na roboti wa chati mpaka chakula kikapoa, na mwisho akaniuliza kama mazungumzo yetu yamenisaidia, nyota ngapi.