Maji Yakigeuka, Wao Wanafungasha

Jumamosi nilivua peke yangu kwa saa mbili tamu kuliko zote tangu baridi ianze, na wa kumshukuru ni bwana mmoja aliyekusanya vitu vyake dakika kumi tu baada ya maji kujaa. Alikuwa na fimbo tatu, kiti cha kukunja, chupa ya chai na simu. Simu ndiyo iliyokuwa ikivua. Aliitazama, akatazama ghuba, akanigeukia kwa huruma kabisa: "Ndugu yangu, basi tena. Maji yamejaa saa nane na robo, sasa ni kutoka tu." Akaondoka. Donge la nailoni lililomshinda kufumua aliliacha pale pale juu ya majani. La nailoni nitalisemea siku nyingine, maana leo sina matusi ya kutosha.

Lililonikera zaidi ni lile neno "basi tena". Nimelisikia kila majira ya baridi, na kwa watu wenye vifaa vizuri kuliko vyangu. Mtu anavumilia upepo wa kuchoma masikio, anasimama saa nzima wakati maji yamesimama kama ya beseni, halafu yakianza kutembea anafungasha. Ni sawa na kusubiri basi kituoni asubuhi nzima, ukiliona linakuja unarudi nyumbani.

Samaki hajali maji yamefika kiwango gani kwenye kioo cha simu. Anachojali ni maji yanayotembea, kwa sababu ndiyo yanayomletea chakula. Na baridi inapoanza hilo huwa kweli maradufu. Mwili wa samaki hufuata joto la maji: maji yakipoa, naye hupoa, anakuwa mzito, anakula kidogo na hataki kukimbiza kitu. Ghuba ya maji mafupi hupoa haraka kuliko bahari kubwa huko nje, hivyo asubuhi zile sehemu za juu huwa tupu, na samaki wameshuka kwenye mikondo yenye kina. Mchana jua likipiga tope lililo wazi, maji yanapoingia hulichukua lile joto kidogo, na kamba, kaa wadogo na minyoo huchangamka. Kisha yanatoka. Yanatoka wapi? Kwenye vimlango vichache tu. Samaki mvivu wa baridi anakaa pembeni ya mlango kama mzee aliyeketi barazani, anangoja apelekewe.

Sasa, huo mlango utaujuaje wakati umefunikwa na maji? Hapa ndipo ninapogombana na karibu kila mtu. Nenda ukautazame maji yakiwa yamekupwa! Usibebe fimbo. Wiki mbili kabla ya Jumamosi hiyo, bamvua lililopita, yaani siku za maji makubwa yanayojaa sana na kukupwa sana, nilikuwa pale saa mbili na nusu asubuhi, nimevaa viatu vya mpira, natembea juu ya sehemu ambayo yule bwana huiona kama sahani moja tambarare ya maji. Si tambarare hata kidogo. Kuna mafungu mawili ya mchanga, na katikati yake mfereji unaonifika kiunoni, upana wake hatua sita. Ukingo wa upande mmoja ni laini, wa pili umekatika wima na umejaa makombe. Chini ya ule ukingo wima palikuwa na vishimo vya duara, kimoja kando ya kingine, mahali ambapo kitu kimekuwa kikichimba kutafuta minyoo. Nilisimama hapo, nikainua macho, nikaona nguzo iliyovunjika ufukweni inakaa sawasawa na ncha ya jiwe jeusi nyuma yake. Basi. Alama mbili zikilingana, uko juu ya mfereji, hata maji yawe na kina gani. Hakuna programu iliyonipa hiyo.

Bamvua, kwa ghuba moja, hujaa karibu saa zile zile kila linaporudi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Letu hujaa mchana, kwa hiyo hukupwa asubuhi. Ukishalijua hilo huhitaji hata kuuliza. Maji mafu, yale yanayojaa kidogo na kukupwa kidogo, siyadharau, nayo yana siku zake, lakini mfereji wangu siku hizo hulala.

Haya, nikubali jambo moja, tena kwa shingo upande: jedwali la saa za maji kwenye simu ni zuri na mimi ninalo. Nalitumia kwa usalama zaidi kuliko kwa samaki. Lakini lile ni hesabu ya mwezi na jua. Upepo wa siku hiyo haujui. Upepo ukisukuma maji kuelekea ndani, hukawia kutoka. Hewa ikipungua mgandamizo, kila hektopaskali 1 (kipimo cha mgandamizo huo) inayopungua huinua bahari kwa karibu sentimita 1, na dhoruba za baridi hazipunguzi moja wala mbili. Tena saa ya maji kujaa si lazima iwe saa ya mkondo kugeuka. Kwenye midomo ya ghuba nyingi mkondo huendelea kuingia hata baada ya kiwango kuanza kushuka. Na hata ukigeuka, kwa kipimo cha kukisia, saa ya kwanza maji hushuka sehemu 1 tu kati ya 12. Saa ya tatu na ya nne hushuka 3 na 3, yaani nusu ya maji yote. Bwana wetu wakati huo alikuwa nyumbani, miguu kwenye soksi.

Niseme na hili bila mzaha. Anayetembea juu ya tope lililokupwa aanze kurudi kabla maji hayajageuka, wala asiende peke yake asikokujua. Maji ya ghuba hayakujii usoni. Hujaza mifereji iliyo nyuma yako kwanza, nawe bado umesimama pakavu unajisifu. Huko Morecambe Bay, Uingereza, usiku wa 5 Februari 2004, waokota kombe wasiopungua 21 walikufa hivyo, kwa maji na kwa baridi. Walikuwa kazini, hawakwenda kustarehe kama sisi. Kila nikisikia maji yakianza kunong'ona kwenye mfereji nawakumbuka, na huwa naondoka.

Jumamosi, kwa hiyo. Kama saa tisa na nusu mkondo ulishika. Nilipunguza chambo hadi kipande cha ukubwa wa kucha, nikakitupa juu ya mfereji, nikakiacha kiviringike chenyewe polepole hadi chini ya ukingo wima. Samaki wa baridi havuti. Mshipi huwa mzito tu, kama umenasa kitambaa kilicholowa. Wa kwanza nilidhani ni jani. Alikuwa gayogayo mpana, mgongo rangi ya tope lenyewe, macho yote mawili yananitazama kwa lawama. Wa pili alikuwa mdogo, nikamrudisha. Wa tatu alikata, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi hata fundo la ndoana likanishinda mara nne. La tano nililifunga kwa meno. Nikapata mwingine mmoja, jua likazama, nikaokota lile donge la nailoni nikaenda zangu.

Bamvua lijalo bwana yule atakuwepo tena saa nane, najua, na fimbo zake tatu. Akinisalimu vizuri nitamwonyesha nguzo. Jiwe simwonyeshi.