Alama Zangu Kila Mtu Anazijua, Karatasi Yangu Nakatazwa Kuiona

Wiki tatu zilizopita, Jumanne alfajiri, binamu yangu aliamka akakuta meseji 11 za pole kwenye simu yake. Alidhani kuna msiba. Akampigia mama yake huku anatetemeka, akamuuliza ni nani amefariki. Hakuna aliyefariki. Usiku ule, yeye akiwa amelala, matokeo ya muhula yalikuwa yametupiwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa: jina kamili, namba ya usajili, alama za kila somo, na mwisho wa kila mstari neno moja la hukumu. Wengi walikuwa wamefaulu. Yeye alikuwa na sapu, yaani somo la kurudia mtihani. Mtu akapiga picha ukurasa ule, akalizungushia jina lake duara jekundu, na picha ikasafiri mpaka kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga chuo kile.

Alinitumia hiyo picha. Niliikuza kwa vidole viwili. Duara lilichorwa harakaharaka, mkia wake ukalikata jina la mwanafunzi wa mstari wa chini, na huyo wa chini, nilipoangalia, ana masomo manne ya kurudia. Hakuna aliyehangaika kumzungushia duara. Lakini sasa mimi, nisiyemjua wala yeye hanijui, najua kwamba somo la takwimu alipata 31. Sikutaka kujua. Hakuniruhusu nijue. Nimeshajua, na hakuna namna ya kurudisha.

Simlaumu sana kiongozi wa darasa. Yeye alipewa faili akaambiwa wapelekee wenzako. Namlaumu aliyempa. Huyo ana ofisi, ana nywila ya mfumo, na anapokea mshahara ili, pamoja na kazi nyingine, atunze kumbukumbu za watu.

Najua wapo watakaosema mbona hata zamani matokeo yalibandikwa ubaoni na hakuna aliyekufa. Nilikuwepo. Nakumbuka vizuri karatasi zilizobanwa kwa pini juu ya matangazo ya mwaka uliopita, msongamano wa watu, na kidole changu kikishuka kwenye majina huku mtu nyuma yangu akisoma kwa sauti kila mstari ninaoupita. Nilikuwa na mwenzangu chumbani ambaye hakwenda ubaoni mchana hata mara moja kwa miaka yote mitatu. Alisubiri saa sita za usiku, akavaa ndala, akatoka na tochi ya simu. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo na kila mtu ameshayaona matokeo yake tangu asubuhi. Akasema: "Najua wameyaona. Mimi nataka nikiyasoma, nisiwe natazamwa."

Nilikuwa kijana, nikamcheka. Leo naona alikuwa ameielewa haki yake kuliko ofisi nzima ya msajili. Matokeo ya mtu ni ya kwake kwanza. Ana haki ya kuyapokea akiwa peke yake, akalia kama anataka kulia, halafu akaamua amwambie nani na lini. Ukimnyang'anya dakika hizo umechukua kitu ambacho hata sapu akiifaulu hakitarudi.

Halafu kuna utetezi wa namba. Vyuo vingine vinajisifu kwamba siku hizi havibandiki majina, vinabandika namba za usajili. Jamani. Namba ya usajili iko kwenye kitambulisho, kwenye jalada la kila kazi unayoikusanya, kwenye karatasi ya mahudhurio inayozunguka darasani kila kipindi. Nani hajui namba ya rafiki yake? Na kama orodha imepangwa kwa alfabeti ya majina yaliyofutwa, wa kwanza ni yuleyule wa kila siku na wa mwisho anajulikana, hapo katikati ni kuhesabu tu. Wizara ya elimu ya Marekani ilishalimaliza hili: kubandika alama kwa jina au kwa namba ya utambulisho ya mwanafunzi bila ridhaa yake ya maandishi ni kosa, na anayetaka kubandika atumie namba ya siri inayojulikana na mwanafunzi mwenyewe na aliyempa tu. Sheria yao ya kulinda kumbukumbu za wanafunzi, FERPA, ilisainiwa na Rais Gerald Ford mwaka 1974. Kabla hata kompyuta haijaingia kwenye ofisi za kawaida, mtu alikuwa ameshaona hatari ya faili la mwanafunzi kuachwa wazi.

Sisemi Marekani wamefika. Sheria hiyo adhabu yake ni chuo kunyimwa fedha za serikali kuu, na mwaka 2002 Mahakama ya Juu yao iliamua kwamba mwanafunzi mmojammoja hawezi kukiburuza chuo mahakamani kwa kuivunja. Lakini angalau mwanafunzi wa kule anajua kwamba haki ipo. Sisi nasi tunazo sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa data aliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ya kupokea malalamiko. Zote mbili zinampa mtu haki ya kuona taarifa zake na kuomba zisahihishwe. Hakuna ibara inayosema ukishadahiliwa chuo haki hiyo unaiacha getini.

Hata hivyo, kuanikwa ni nusu tu ya kinachonichoma. Nusu nyingine ni hii: chuo hichohicho kinachompa kila mtu alama zangu, mimi nikiomba kuona karatasi yangu ya mtihani kinaniambia ni siri.

Hebu litazame hilo taratibu. Karatasi ile niliiandika mimi. Mwandiko ni wangu, makosa ni yangu, fikra zilizomo ni zangu. Aliyeisahihisha ameandika pembeni maneno kunihusu mimi. Halafu inafungiwa stoo, inatoka namba tupu, na namba hiyo inatangazwa kwa kijiji kizima. Wanaostahili kuzuiwa wamefunguliwa mlango. Mwenye nyumba ndiye kaachwa nje.

Huko Ulaya kuna mtu aliyelikataa jambo hili mpaka mwisho. Peter Nowak, aliyekuwa kwenye mafunzo ya uhasibu Ireland, alifeli mtihani mmoja mara nne. Akaomba nakala ya karatasi yake chini ya sheria ya ulinzi wa taarifa. Akanyimwa, akaelezwa kwamba karatasi ya mtihani si taarifa binafsi. Akaenda kwa kamishna wa ulinzi wa taarifa wa Ireland, akakwama. Akapanda ngazi za mahakama moja baada ya nyingine hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, nayo tarehe 20 Desemba 2017 ikasema: majibu ya mtahiniwa ni taarifa zake binafsi, na maoni ya msahihishaji yaliyoandikwa juu yake ni taarifa zake pia. Kwa sababu yanaonyesha anachokijua, anavyofikiri, anavyopima mambo.

Mahakama haikusema ukiiona karatasi uruhusiwe kurekebisha jibu ulilokosea. Hapana, ulichokosea umekosea. Ilisema unaweza kudai usahihi pale karatasi zilipochanganywa ukapewa za mtu mwingine, au kurasa zako zilipopotea na hazionyeshi tena majibu yote uliyoyatoa. Yeyote aliyesoma chuo akilisikia hilo la kurasa kupotea atainua kichwa, maana kila darasa lina mtu wake. Kila darasa lina yule aliyefanya mtihani, akasaini mahudhurio, na matokeo yakatoka yanasema hakutokea.

Nikubali jambo moja, ingawa linanikwaza. Orodha ya wazi ilikuwa na faida. Mhadhiri aliyempandisha mtu alama kwa sababu zake alishindwa kujificha pale ubaoni, maana darasa zima lilijua nani hakuhudhuria na nani alilala mtihanini. Nimewahi kuona orodha ikibanduliwa na kurudi kesho yake imebadilika baada ya watu kuguna. Basi, hilo nimelikubali. Lakini ulinzi dhidi ya upendeleo hauwezi kujengwa juu ya aibu ya waliofeli. Mwambie mwanafunzi alama zake zimepatikanaje, mwonyeshe karatasi yake, mpe mahali pa kukata rufaa ambapo hasikilizwi na huyohuyo aliyemsahihisha, na utakuwa umemlinda kuliko ubao ulivyowahi kumlinda.

Kuhusu mafaili yenyewe, nina donda langu. Mwaka wa pili niliugua katikati ya muhula, nikapeleka barua ya daktari ili niahirishiwe mitihani miwili. Siku ya kufuatilia nilipanga foleni dirishani na wenzangu kama kumi. Karani alifungua jalada langu juu ya meza, akaitoa barua, akaisoma. Kwa sauti. Ugonjwa, jina la dawa, na idadi ya siku nilizolazwa. Hakuwa na ubaya moyoni, nadhani. Alikuwa anahakikisha tu ndiyo barua yenyewe. Msichana aliyekuwa nyuma yangu aligeuka akatazama ukutani, na mpaka leo namshukuru kwa kugeuka kule. Nilijibu ndiyo, ndiyo hiyo, nikaondoka bila hata kuchukua fomu niliyoifuata.

Jalada la mwanafunzi lina mambo kama hayo. Watu wanadhani ni alama tu. Humo mna barua za ugonjwa, maelezo ya nani amefiwa na nani, maombi ya msaada wa ada yanayoeleza umaskini wa nyumbani kwa undani, mashauri ya nidhamu ambayo mengine yaliisha kwa mtu kuonekana hana kosa. Mwenye jalada hajawahi kuliona likiwa wazi, ila kwa bahati mbaya, kupitia dirishani, mikononi mwa mtu mwingine.

Wazazi mnaolipa ada, nawasikia. Inauma kulipa na usiambiwe. Lakini mtoto akifika chuoni ni mtu mzima, na kwa sheria ile ya Marekani haki juu ya kumbukumbu humhamia yeye tangu anapoanza masomo ya chuo, hata kama hajatimiza miaka 18. Muulize mwenyewe. Akikuficha, tatizo hilo haliponywi na ofisi ya chuo.

Waajiri wanaopiga simu chuoni "kuhakiki kidogo": waje na ridhaa ya maandishi. Mifumo ya kujifunzia inayorekodi umeingia saa ngapi na umekaa kwenye ukurasa gani dakika ngapi nayo ni kumbukumbu, na siku moja itabidi nayo tuiandikie.

Binamu yangu alifanya ambalo mimi sikulithubutu. Aliandika barua akaomba aonyeshwe karatasi yake na mchanganuo wa alama. Akajibiwa kwamba karatasi ni mali ya chuo. Akarudi. Akaambiwa mhusika hayupo. Akarudi tena, akakaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili asubuhi, mpaka mtu mmoja akachoka kumwona pale, akafungua kompyuta. Karatasi hawakumwonyesha. Lakini kwenye mchanganuo, mahali pa alama za mazoezi ya muhula mzima, palikuwa na sifuri. Hazikuwa zimeingizwa. Zilikuwa kwenye daftari la mhadhiri, 28 kati ya 40. Ukizijumlisha amefaulu, tena vizuri.

Walimwambia kwa mdomo, pale dirishani, kwamba watarekebisha. Mfumo ulibadilika baada ya siku mbili. Kwenye kundi la darasa hakuna aliyetuma orodha mpya. Ile ya zamani bado inatembea: juzi usiku mama yake mdogo aliipokea kutoka kwa mtu asiyemfahamu, duara jekundu likiwa palepale, akampigia simu kumpa pole.