Tusome Kiolezo Kabla ya Kukijengea

Kuanza mradi wa programu ya wavuti kwa kiolezo kilichokwisha kupangwa, yaani mradi wa kuanzia wenye folda na msimbo tayari, ni jambo ninaloliunga mkono kabisa, kwani hakuna faida ya kuandika upya, kila mara, taratibu zile zile za kuunganisha hifadhidata na kuhakiki nenosiri. Tangu Ruby on Rails, mfumo wa kujengea programu za wavuti, ilipotoka mwaka 2004, amri moja ikaweza kuunda mradi mzima pamoja na folda zake, wasanidi wengi wamezoea kuanza hivyo. Ninachokipinga ni kukichukua kiolezo na kuanza kuongeza kurasa bila kukisoma.

Tazama Django, mfumo mwingine wa aina hiyo unaotumia lugha ya Python. Amri ya startproject huunda faili la mipangilio, settings.py, ambamo DEBUG ni True, yaani hali ya kuonyesha undani wa makosa imewashwa. Mpangilio huo humsaidia sana anayejenga, maana kosa likitokea, kivinjari huonyesha mistari iliyolileta na thamani za vigeu vyake. Lakini ukiachwa vivyo hivyo kwenye seva ya umma, mgeni yeyote atakayekumbana na kosa ataonyeshwa undani huo huo. Tangu toleo la 3.2, ufunguo wa siri unaoundwa na amri hiyo, ambao programu hutumia kutia saini data zake, huanza na maneno "django-insecure-", na naona walioamua hivyo walitenda vema, kwa kuwa onyo limewekwa pale pale macho yanapopita. Violezo vingi vya watu binafsi havina onyo kama hilo. Vingine huja na ufunguo ulioandikwa tayari, ambao kila aliyekipakua kiolezo anao, na mwenye ufunguo anaweza kughushi vidakuzi vilivyotiwa saini, yaani data ndogo ambazo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari.

Maktaba nazo, yaani vifurushi vya msimbo ulioandikwa na wengine ambavyo kiolezo hutegemea, zina mambo yake. Machi 2016, left-pad, maktaba ya mistari 11 tu, iliondolewa npm, ghala la mtandaoni la maktaba za JavaScript, na miradi mingi ikashindwa kujengeka, ingawa wengi wa wenye miradi hiyo hawakuwahi kuichagua wenyewe: waliletewa na maktaba nyingine.

Kwa hiyo mimi huchagua kiolezo kidogo ambacho bado kinatunzwa. Hata Create React App, zana ya kuanzishia miradi ya React (maktaba ya kujengea kurasa), iliyotegemewa sana tangu 2016, ilitangazwa mwaka 2025 kuwa haifai tena kwa miradi mipya. Kisha ufunguo ubadilishwe na kuhamishiwa kwenye .env, faili la mipangilio ya siri lisiloingia Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo), na kila kisichohitajika kifutwe. Kama mradi hautatuma barua pepe, sehemu hiyo iondolewe mwanzoni, kabla msimbo mwingine haujaanza kuitegemea.