Siku saba za likizo huku kwetu ni siku nne za kutembea

Binti wa shangazi yangu anaishi Dar. Majuzi alinitumia ratiba ya likizo yake ya Agosti: siku saba, peke yake, Nyanda za Juu Kusini. Jumatatu Iringa mjini na Isimila. Jumanne Ruaha. Jumatano Kitulo. Alhamisi Kimondo na Ziwa Ngosi. Ijumaa Daraja la Mungu na maporomoko ya Kaporogwe. Jumamosi Matema. Jumapili nyumbani. Chini kabisa akaandika, "Dada, naona imekaa vizuri, au unasemaje?"

Nilimpigia simu, kwa sababu nilijua nikiandika maneno yangu yatasomeka kama ugomvi. Nimezaliwa Mbeya, nimefanya kazi Iringa miaka minne, na wageni wenye ratiba kama hii nimewapokea mara nyingi. Wanakuja na orodha ndefu, wanaondoka na picha za dirisha la basi na miguu iliyovimba. Naipenda nchi hii ya milima kiasi kwamba inaniuma kuona mtu ameitoa likizo yake nzima akaishia kukaa kwenye siti.

Kosa lake naliona lilikotoka. Aliwahi kwenda Nairobi wiki nzima peke yake na mambo yakaenda sawa. Asubuhi yuko makumbusho ya taifa, mchana yuko hifadhini anatazama wanyama huku maghorofa ya mji yakionekana kwa mbali, usiku analala kitanda kilekile alichoamkia. Mji mkuu umekusanya vitu vyake mahali pamoja, ukikosa kimoja unahamia kingine kabla ya chakula cha mchana. Huku kila kitu kina barabara yake. Ukitoka Ngosi kwenda Kimondo unarudi mpaka Mbeya mjini, halafu unashika njia ya Tunduma kama mtu anayeanza safari upya. Na kutoka Iringa hadi Mbeya kwenyewe ni zaidi ya kilomita 300.

Kwa hiyo nilimwambia tuanze kwa kuhesabu upya. Jumatatu anatoka Dar. Basi la alfajiri linapita Mikumi, linapanda Kitonga nyuma ya malori yanayotembea kama yanahesabu mawe, na linafika Iringa mchana umeshaanza kuzeeka. Hiyo siku imekwisha, Isimila haimo. Siku ya kutoka Iringa kwenda Mbeya nayo imekwisha. Jumapili ya kurudi Dar ni basi kuanzia giza la asubuhi mpaka giza la usiku. Toa tatu kwenye saba. Zinabaki nne, na ratiba yake ilikuwa na vivutio tisa.

Cha kwanza kukatwa kilikuwa Ruaha, na hapo tulibishana sana. Hifadhi iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Iringa mjini, sehemu kubwa ya njia imekuwa ya vumbi kwa miaka mingi. Kwa Mtanzania kiingilio hakiumizi, kinachoumiza ni gari. Watu wanne wakichanga, gari la kukodi linabebeka; mtu mmoja analilipia lote, siti tatu zikiwa tupu. Kuna daladala za kwenda Tungamalenga, kijiji kilicho njiani kuelekea hifadhini, lakini ukifika hapo bado unahitaji gari la kuingilia ndani, na umeshakula siku mbili. Tangu Pori la Akiba la Usangu liunganishwe nayo mwaka 2008, Ruaha ina karibu kilomita za mraba 20,000. Haifai kuchunguliwa kwa saa nne halafu ukakimbilia stendi. Tafuta wenzio watatu, ije iwe safari yake yenyewe.

Kitulo ilikatwa na kalenda. Ile "Bustani ya Mungu" unayoiona kwenye picha inachanua kati ya Novemba mwishoni na Aprili, mvua zinapokuwa zimeshika. Agosti utakuta nyasi, upepo na baridi ya kukata masikio. Mimi napenda hata hiyo, lakini mtu anayeifuata okidi asije akailaumu milima kwa sababu alikuja mwezi usio wake. Matema nayo niliitoa, kwa sababu ufukwe wa Ziwa Nyasa unaofika jioni na kuuacha asubuhi ni afadhali usiuone. Kimondo cha Mbozi tulikiacha kama akiba: likitokea la kutokea Mbeya, unapanda gari la Tunduma, unashuka, unachukua bodaboda, unasimama mbele ya chuma cha tani 16 kilichoanguka kutoka angani, unarudi kula mjini.

Kilichobaki, wengine wataona ni kidogo. Mimi ndicho ninachokitetea.

Jumanne ni ya Isimila na Kalenga. Isimila iko kama kilomita 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Mbeya, Kalenga iko kama 15 kwenye njia ya Ruaha, na kwa bajaji uliyopatana nayo bei ya siku nzima kabla ya kukaa, zote mbili zinaingia bila kukimbizana. Anza na Isimila mapema, kwa sababu jua la mchana ndani ya korongo lile halina huruma. Watu huenda kupiga picha kwenye zile nguzo ndefu za udongo ambazo maji yamezichonga, na nguzo ni nzuri kweli. Lakini mwambie mwongoza wageni akuoneshe kwanza zana za mawe za watu wa kale. Ziligunduliwa mwaka 1951, na nyingine bado zimelala palepale chini. Mimi niliruhusiwa kushika moja. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, imechongwa pande mbili mpaka ikatoa ncha kama jani la mwembe, na sehemu nene ilikaa kwenye kiganja bila mimi kuitafutia mahali. Vidole vilijua pa kwenda. Nilibaki nimeishika, nikimwaza yule aliyeitengeneza, alikuwa anachinja nini, alikuwa na nani.

Hapo ndipo nilipoelewa faida ya kwenda peke yako. Kalenga nilishawahi kwenda na kundi la wafanyakazi wenzangu, tukaingia kwenye kile chumba cha makumbusho, tukaliona fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kwenye kioo, mtu akasema "haya, twendeni, gari linasubiri". Mara ya pili nilikuwa mwenyewe. Nilikaa karibu nusu saa. Mzee anayehadithia alinieleza bila haraka: vita vya Lugalo mwaka 1891, ambapo Wahehe walikiangamiza kikosi cha Wajerumani na kamanda wake; ngome ya Kalenga ilivyoanguka Oktoba 1894; miaka minne ya kuwindwa porini mpaka Julai 1898, Mkwawa alipojiua asikamatwe. Kichwa chake kikaenda ugenini, na fuvu likarudi mwaka 1954. Nilimuuliza mzee maswali ambayo mbele ya wenzangu ningeona aibu kuuliza. Alinijibu yote, akanisindikiza mpaka nje.

Jumatano niliiacha tupu kwenye karatasi ya binamu yangu. Akaniuliza, "Sasa hapa nafanya nini?" Unatembea Iringa. Mji umekaa juu ya kilima, chini yake unapita mto Ruaha Mdogo, na mzunguko wake hauhitaji gari. Kuna Boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya mkoa. Kuna soko kuu lenye vikapu vya kila aina; akina mama wanaouza watakueleza kipi ni cha mkonge na kipi ni cha milulu ukionesha kwamba unasikiliza. Sema "kamwene", salamu ya Kihehe, baada ya shikamoo yako, utaona uso unavyofunguka. Jioni panda Gangilonga, jiwe ambalo Wahehe wanasema linaongea, ukae juu yake mpaka taa za mji zianze kuwaka, halafu ushuke wakati bado unaona unapokanyaga. Siku tupu pia ndiyo inayookoa ratiba: Jumatatu basi likiharibika njiani, Isimila inasogea hapa na hakuna kinachovunjika.

Alhamisi ni safari, na ina mambo yake. Panda gari linaloanzia Iringa asubuhi. Ukingoja yanayotoka Dar utaingia Mbeya usiku, na mtu wa peke yake asipange kushuka stendi asiyoijua usiku. Kaa dirisha la kushoto. Baada ya Mafinga na misitu yake ya Sao Hill, baada ya Makambako, barabara inashuka kuelekea Usangu, mashamba ya mpunga yanatandaa upande mmoja na safu ya Kipengere inasimama kushoto kwako kama ukuta. Chimala utaona pale inapoanzia ile njia ya kupanda Matamba wanayoiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Mtazamo huo unatosha kwa mwaka huu.

Ijumaa ni Ngosi, na Ngosi pekee. Hapa ndipo niliposema naye kwa ukali, kwa sababu mimi mwenyewe nilishakosea. Mwaka ule nilianza na shughuli nyingine asubuhi, nikafika kijiji cha Isongole saa saba mchana, nikamkuta kijana akasema tutawahi. Tulipanda kwa haraka mno. Njia ni udongo wa msitu, unateleza hata kiangazi, na karibu na kileleni inasimama mpaka unapanda kwa kushika mizizi na mianzi. Tulipofika juu ukungu ulikuwa umefunga. Chini yetu ilikuwa nyeupe tupu, tukisikia ndege tu. Tulingoja, ukafunguka kwa muda wa kumeza mate mara mbili tatu: maji ya kijani kibichi chini kabisa, kuta za msitu zimeyazunguka, kisha pazia likarudi. Tukashuka giza likitukuta msituni, simu yangu ikiwa na chaji ndogo, na yule kijana akiwa mbele sana. Sikuumia, lakini kila mzizi niliuona ni nyoka.

Mara nyingine nilitoka Mbeya saa kumi na mbili asubuhi kwa haisi ya Tukuyu kutoka stendi ya Nanenane, nikapitia kwanza kwa wahusika wa kijiji wanipe mwongozaji, na saa nne nilikuwa juu. Ziwa lote lilikuwa wazi. Mwongozaji, mama wa makamo, alinionesha umbo la ziwa ambalo watu husema linafanana na ramani ya Afrika, akanieleza yale wazee wanayosema kuhusu ziwa lile na kwa nini hakuna anayelizoea. Tulikula ndizi za kuchemsha alizofunga kwenye jani. Nilikaa saa nzima. Kama ningekuwa na Kimondo mchana ule, ningeondoka baada ya dakika kumi.

Usiku huo asirudi Mbeya. Alale Tukuyu, kitanda kipya cha tatu na cha mwisho kwenye ratiba. Atajifunika mablanketi mawili, ataamka na harufu ya mvua na majani ya chai, na Jumamosi ataenda Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba ambalo halikujengwa na mtu, na Kijungu kupitia Kiwira. Kijungu, pale mto Kiwira unapozama kwenye shimo la mwamba kama chungu, kiko ndani ya eneo la chuo cha Magereza, kwa hiyo abebe kitambulisho na aripoti getini kwanza. Mchana mapema ashuke mjini ale mbalaga, ndizi za kupikwa za Kinyakyusa, amwambie mpishi "ndaga fijo", yaani asante sana, kisha arudi Mbeya akiwa na mwanga. Kaporogwe ni kuzuri, najua. Hakumo.

Aliniuliza pia swali ambalo kila mwanamke anayesafiri peke yake hulibeba kimoyomoyo. Nilimjibu ninavyofanya mimi. Stendi, mtu nisiyemjua akiuliza "uko na nani?", nasema napokelewa. Kwenye gesti namwambia mama mwenye nyumba naenda wapi na nitarudi saa ngapi, na narudi saa hiyo. Bodaboda ya usiku sipandi. Kwa wazee na akina mama wa sokoni nasema ukweli, kwamba natembea peke yangu kuiona nchi yangu, na mara nyingi wananipa kiti.

Alinirudishia ratiba mpya juzi usiku. Ina mistari michache. Kwenye Jumatano ameandika "Iringa", basi. Kwenye Ijumaa ameandika "Ngosi, saa kumi na mbili kamili". Nimemuongezea jambo moja tu, Jumamosi akipita njia ya Tukuyu, anunue parachichi kwa akina mama wa barabarani, na achague yale magumu kabisa. Yataiva katikati ya wiki, akiwa amesharudi kazini.