Kibonzo kile ni cha Flo

Jumamosi iliyopita mpwa wangu aliniudhi, na mpaka leo haijanitoka. Nilimpeleka Hartlepool, mji wa bandari huku kaskazini-mashariki mwa Uingereza, ili aione sanamu ya Andy Capp, yule mhusika wa kibonzo cha magazetini. Ipo upande wa mji mkongwe unaoitwa Headland, pale ambapo upepo wa Bahari ya Kaskazini unakuchapa kama una deni nao. Jamaa mfupi wa shaba, kepu imemfunika macho, glasi ya bia haiko mbali naye. Ni kazi ya mchongaji Jane Robbins, iliwekwa mwaka 2007.

Kijana akaitazama, akasema, "Shangazi, yaani hawa wamemjengea sanamu mlevi? Mlevi mwenyewe mpiga mke?" Akapiga picha, akamrushia rafiki yake wa Dar, wakacheka. Halafu akanipa hotuba: vibonzo vile ni vya wenye nazo kuwacheka wasio nazo, vilipaswa kufa zamani, na anashangaa mtu mzima kama mimi kuvipenda.

Nilinyamaza kwa sababu ya baridi. Sasa nipo nyumbani, chai nimeshakunywa, kwa hiyo mwanangu, kaa nikujibu.

Aliyemchora Andy Capp hakuwa mwenye nazo. Reg Smythe alizaliwa Hartlepool mwaka 1917, mtoto wa fundi wa kuunda mashua. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akawa anatumwatumwa na mwenye bucha, kisha akakaa bila kazi kama nusu ya vijana wa mtaa wake, maana miaka ile ya thelathini miji ya meli huku kaskazini ilikuwa imelala chali. Mwaka 1936 akaingia jeshini, na jeshi likamlisha kwa miaka kumi, pamoja na vita vya Afrika Kaskazini. Alipotoka akawa karani wa posta London, akichora usiku na kuuza vichekesho kimoja kimoja. Huyo ndiye unayesema aliwacheka maskini kutoka dirisha la ghorofani.

Gazeti la Daily Mirror lilitaka wasomaji zaidi huku kaskazini, likamwomba abuni mtu wa huku. Andy akatokea tarehe 5 Agosti 1957 katika toleo la kaskazini peke yake, na mwaka uliofuata akaenea nchi nzima. Jina lenyewe ni mchezo. Watu wa huku humeza herufi H, kwa hiyo ukilitamka "Andy Capp" kwa midomo yao unasikia "handicap", neno la Kiingereza la kikwazo, ule uzito anaobebeshwa farasi mwenye mbio ili wenzake wamfikie. Nani anayeubeba uzito huo nyumbani kwa Andy? Hilo ndilo swali la kibonzo chote, nami nitalirudia.

Kwanza kepu. Smythe alipenda kusimulia kwamba utotoni alikuwa uwanjani kutazama mpira, na jirani yake alikuwa mzee mwenye kepu. Mvua ikaanza. Mzee akaivua kepu yake na kuificha ndani ya koti. Mtoto akamuuliza kwa nini anavua kofia mvua inaponyesha, na mzee akamshangaa: angewezaje kukaa nyumbani jioni nzima na kofia iliyolowa kichwani? Nikikumbuka kisa hiki huwa nacheka peke yangu ndani ya basi. Kichwa kilowe, nywele zilowe, lakini kepu ibaki kavu kwa sababu haivuliwi hata sebuleni. Hakuna aliyekaa ofisini akabuni hilo. Lilisikiwa na mtoto aliyesimama kwenye mvua ileile.

Haya, twende kwenye kumpiga mke. Nitakubali, na sikubali kwa furaha. Katika vibonzo vya mwanzo kabisa Andy alimpiga mkewe, Flo, na kuna kimoja ambacho anamweleza Flo, aliye chini sakafuni, kwamba kumpiga ni moja ya starehe zake chache. Nimekiona. Sikucheka, na sitamtetea mtu kwa hilo, wala sitasema eti ndivyo zama zilivyokuwa, kwa sababu katika zama hizo wanawake waliumia vilevile. Nilikulia kwenye nyumba ya kupanga Tanga yenye vyumba sita, na najua ukuta unavyosikika usiku mtu anapopigwa upande wa pili. Mkono ule ulikuja kupungua na mwishowe ukaondolewa, na kibonzo hakikupoteza chochote. Kama kingekuwa kinaishi kwa ngumi, kingekufa siku ngumi zilipokwisha.

Kilichobaki ni Flo.

Mpwa wangu alitazama sanamu ya Andy akadhani ameona kibonzo kizima. Flo hayupo kwenye shaba ile, na mimi naona ni kosa, maana bila yeye Andy ni mtu aliyelala kwenye kochi tu. Flo ndiye anayefanya kazi, anayefagia na kusugua nyumba za watu. Flo ndiye mwenye pochi. Andy akitaka kwenda baa lazima apite kwa Flo. Akirudi usiku wa manane, Flo yupo nyuma ya mlango, ameshika mti kama huu wetu wa kusukumia chapati. Akienda kwa mshauri wa ndoa, Flo amekaa pembeni yake na sentensi moja tayari mdomoni. Andy ana maneno mengi, Flo ana la mwisho. Mara nyingi hata halisemi kwa mumewe. Anageuza uso kutoka kwenye karatasi na kukutazama wewe unayesoma, kama jirani anavyokutazama juu ya ukuta wa uani mumewe akiwa anajigamba, na hapo unajua nyumba ile ni ya nani.

Andy hatutazami hivyo, hata akitaka. Miaka yote hiyo hatujayaona macho yake, kepu imeyafunika. Flo ana macho, na yeye ndiye anayeona. Wanaojua kusoma vibonzo watanielewa: mtu asiye na macho humcheki pamoja naye, unamcheka ukiwa umesimama upande wa mwenye macho. Smythe alitusimamisha upande wa Flo, miaka na miaka, asubuhi baada ya asubuhi, katika gazeti ambalo miaka ya sitini lilikuwa linauza nakala milioni 5 kwa siku. Jina la mama yake mzazi, kwa taarifa yako mwanangu, lilikuwa Florence.

Na tafadhali usije ukaniambia kwamba Flo ni mjinga kwa kutoondoka. Hilo nimelisikia kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuhesabu sarafu za kodi. Anabaki kwa sababu zake. Anapenda bingo, anampenda rafiki yake Ruby, ana mama yake ambaye hatumwoni hata siku moja lakini Andy anamtukana kila wiki, na anampenda mwanamume yule mfupi mvivu kwa namna inayomkera yeye mwenyewe. Kibonzo hakimhukumu. Wala hakimwahidi kwamba mume atabadilika Jumatatu. Miaka zaidi ya 60, na hakuna siku hata moja ambayo wawili hawa wamejifunza kitu! Vichekesho vinavyotaka kukufundisha huchuja upesi, kwa sababu mafundisho hupitwa na wakati. Mume anayetafuta hela ya bia mfukoni mwa mkewe hajapitwa popote.

Kuna Percy pia, mkusanya kodi. Percy anabisha hodi, na Andy na Flo wanajificha nyuma ya kochi, kimya, pamoja, bega kwa bega. Hiyo ndiyo sura ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mbele ya kodi ya nyumba ugomvi wao wote unakwisha.

Sikuhitaji kuelezwa. Pale Tanga mwenye nyumba wetu alikuwa anapita tarehe mbili. Mwezi mmoja hatukuwa na kitu. Mama akazima taa, akatukusanya watoto wanne kitandani, akatuwekea kidole mdomoni. Mwenye nyumba akabisha. Kimya. Akabisha tena. Kimya. Lakini uani nyuma ya chumba maharage yalikuwa jikoni, na harufu ilikuwa imeshamfikia. Akasimama mlangoni kidogo, kisha akasema kwa upole kabisa, "Mama watoto, maharage yanaungua." Na mama, Mungu amrehemu, akainuka kwenda kuyakoroga.

Kisa hicho mama alikisimulia kila tulipokutana, sikukuu baada ya sikukuu, na hakuwahi kukimaliza bila kujifuta machozi ya kicheko. Angekisimulia mwenye nyumba mbele ya wageni wake, kingekuwa kitu kingine, na sisi tungekuwa wadogo kama sisimizi. Maneno ni yaleyale, maharage ni yaleyale. Tofauti ni nani aliyekaa gizani. Smythe alichora kutoka gizani, mwanangu, kutoka nyuma ya kochi, na ndiyo maana kina mama wa Hartlepool waliyakata magazeti na kuvibandika vibonzo jikoni.

Sisi wenyewe tuna neno lofa, tulilitoa kwao, kutoka kwenye neno lao la mtu mzururaji asiye na kazi, na huku kwetu likaongezewa ufukara. Na Sani, jarida letu la vibonzo, lilipompa mhusika wake Lodi Lofa kurasa zake tulimpenda, tukanunua, tukaazimana mpaka karatasi zikachanika. Hatukusema jarida linatutukana. Tulisema huyu namjua, anakaa kwa kina fulani.

Uchoraji wenyewe ni wa kubana. Kochi, taa ya barabarani, ukuta wa matofali, mlango wa baa, mfereji wa kuangukia. Basi. Andy anafuga njiwa, anarusha vishale, anapigana na refa, na hivyo vyote Smythe anavimaliza kwa mistari michache. Nakubali pia kwamba sio kila siku inachekesha, na kwamba baada ya Smythe kufariki mwaka 1998, kwa saratani ya mapafu, kalamu imepita mikononi mwa wengine na siku nyingine naona imelegea. Andy mwenyewe alikuwa ameacha sigara tangu mwaka 1983.

Nje ya Uingereza alisafiri kuliko wengi wetu. Wajerumani wanamwita Willi Wakker, Wadenmaki Kasket Karl, Waswidi Tuffa Viktor. Marekani wamemweka mpaka kwenye pakiti za vitafunio. Nchi hizo hazijui lafudhi ya Hartlepool, na uwanja wa William Gray, uliounda meli pale kwa vizazi, ulifungwa mwaka 1962. Meli zimekwisha, kazi zimekwisha, baa nyingine zimegeuzwa nyumba za kuishi, lakini yule mke nyuma ya mlango anaeleweka Copenhagen kama anavyoeleweka Chumbageni, kwetu Tanga.

Kuna jambo moja sikumwambia mpwa wangu pale penye sanamu, nikamwambia tukiwa kwenye treni. Kazi yangu ni kutunza wazee, mara nyingi zamu ya usiku. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na bibi mmoja mzaliwa wa Hartlepool, ameolewa miaka hamsini na kitu, mumewe ametangulia. Kumbukumbu zake zilikuwa zinamtoka. Jina langu aliniuliza kila usiku. Lakini kwenye kabati lake la kitanda kilikuwepo kitabu kimoja cha vibonzo vya Andy Capp, jalada limeshikiliwa kwa gundi, na akikosa usingizi alitaka nimsomee.

Alikuwa na mchezo wake. Nikifika kisanduku cha mwisho, alikifunika kwa kiganja. Alitaka kwanza aseme yeye Flo atajibu nini, ndipo aniruhusu kusoma. Usiku mmoja kilikuwa kibonzo cha Andy kumwomba mkewe hela kabla ya kwenda baa. Kiganja kikashuka. Akafikiri kwa muda mrefu, mpaka nikadhani amesinzia, kisha akasema, kwa sauti ya mwanamke wa miaka thelathini, "Mwambie aiombe kepu yake. Ndiyo iliyokunywa jana."

Nikacheka mpaka mwenzangu wa zamu akaja kuchungulia mlangoni. Nikauinua mkono wake taratibu, tukasoma jibu la Flo lililochapishwa. Bibi akalitazama vizuri, akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Reg angekuja kuniuliza mimi kwanza."